Galoni la Mabaki

Baba hakutupa chupa ya oili kabla haijatoa tone la mwisho.
Aliisimamisha kichwa chini, shingo ndani ya faneli,
faneli ndani ya galoni la njano lililokuwa la mafuta ya kula,
akaiacha usiku kucha.
"Chupa ina aibu," alisema, "haitoi yote mbele za watu."

Humo mlikuwa na arobaini ya trekta la misheni,
ishirini-hamsini ya Landirova yake,
kidogo cha pikipiki ya katekista,
na ile nyembamba, rangi ya asali,
aliyoiacha mhandisi wa barabara
usiku gari lake lilipolala kwetu Kikondo.
Mafundi wa Uyole walimcheka:
"Mzee Mwambusye, hiyo si oili, hiyo ni kande."
Akacheka nao. Kande haijaua mtu.

Oili ya gia boksi tu ndiyo aliyoikataa.
Aliinusa, akaiweka kando, akafunga kizibo.
"Huyu ni wa nyumba nyingine."

Mimi nilisoma. Nikasoma hadi vibandiko.
Gari langu linakunywa tano-thelathini,
chupa yenye muhuri, bei ya gunia la viazi,
na nilimwambia baba kwamba galoni lake ni uchafu.
Nilimwambia kwa Kiswahili cha ofisini.

Tulipomaliza arobaini (ya msiba, si ya oili)
mama alilisukuma galoni kwenye buti, katikati ya viazi.
"Ondoka nalo, linanuka ndani."
Sikubishana na mjane.

Juni. Ukungu umelala barabarani kama ng'ombe,
hauondoki hata ukipigiwa honi.
Kabla ya Isyonje ikawaka taa ile nyekundu
yenye umbo la birika.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa kanga, nikakirudisha,
nikachomoa tena: kikavu.
Miezi mitatu ya kuuguza na kuzika
sikuwa nimefunua boneti.

Hakuna duka. Hakuna mtu, ila mvulana mmoja
na kondoo wake waliolowa,
akinitazama kama anayengoja nijue la kufanya.

Nilimimina.
Ilishuka polepole, imeganda kwa baridi,
kama mtu mzima anayetafuta mahali pa kuketi.
Nikawasha. Tapeti ziligonga,
zikanung'unika,
zikanyamaza.
Birika likazimika.
Niliteremka hadi Uyole kwa mwendo wa thelathini,
redio nimeifunga, nasikiliza.

"Dada, umeweka nini humu?" Lugano aliuliza,
akisugua tone kati ya vidole.
Nikamtajia: trekta, Landirova, katekista, mhandisi.
Hakucheka.
"Kwa dharura injini inavumilia. Oili ni oili.
Bora hiyo kuliko kavu.
Ila usiizoeze. Nyembamba imeumbwa ikimbie asubuhi ya baridi,
nzito inaivuta shati.
Na dawa zilizomo, kila kiwanda na zake,
hujui zipi zinasalimiana."

Akafungua nati ya chini.
Nilichuchumaa kuangalia ikitoka.
Nilitafuta ile ya rangi ya asali, walau uzi wake.
Nyeusi tu. Moja. Ya moto.

"Nimwage?"
Nikamwambia arudishe kwenye galoni.
Alinitazama kama mafundi walivyomtazama baba.

Jumamosi nilipanda Kikondo na brashi.
Tulipaka nguzo za ghala la viazi, zisioze kwa unyevu,
mama ameshika galoni kwa mikono miwili,
mimi napaka, hatuongei.
Mara moja tu alinusa kidole chake
akasema, "Landirova,"
nami sikumwambia kwamba humo sasa na langu limo.

Iliisha katikati ya nguzo ya nne.
Mama akaligeuza galoni kichwa chini juu ya faneli,
faneli juu ya kopo,
akaliacha hivyo,
tukaingia ndani kula.